Jicho Huikataa Shaba

Mtu aliyekulia Kapata anaijua shaba kwa rangi zake zote. Anaijua kwa kijani cha malakiti kwenye mawe ambayo akina mama huyaosha kando ya Ziwa Malo, na kwa wekundu wa nyaya zilizovuliwa ganda. Kampuni ya migodi ndiyo iliyoujenga mji huu kwa ajili ya wafanyakazi wake, pembeni ya Kolwezi, kusini mwa Kongo, na watu wa ukanda huu wakazoea kujiita Bana Shaba, watoto wa shaba. Hata mkoa wenyewe, Katanga, uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Shaba imewalisha, imewasomesha, imewazika. Ila kuna sehemu moja ya mwili wa binadamu ambayo haiivumilii shaba hata kwa kiasi cha punje.

Kipande cha shaba iliyo karibu safi, chenye zaidi ya asilimia 85 ya madini hayo, kikipenya hadi ndani ya jicho huwasha uvimbe mkali wenye usaha hata kama hakikuingia na kijidudu chochote. Jicho linaweza kupotea upesi. Shaba iliyochanganywa na metali nyingine, kama shaba ya njano, hufanya kazi polepole. Huyeyuka kidogo kidogo, huacha pete ya kijani pembezoni mwa konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, kisha huiwekea lenzi ukungu wenye petali, ambao madaktari wameupa jina la ua la alizeti. Chuma nacho hutoa kutu inayoiua retina. Tusichanganye mambo, hata hivyo: jiwe la malakiti linaloruka chini ya nyundo si shaba tupu. Vipande vya hatari zaidi migodini vilitoka kwenye fataki za kulipulia miamba, ambazo vifuko vyake vilitengenezwa kwa shaba, na kwenye karakana za mafundi. Mwaka 1879 Julius Hirschberg wa Berlin alianza kuvitoa vipande vya chuma jichoni kwa sumaku ya umeme, na hilo liliwaokoa wengi. Mchimba shaba hakuambulia kitu hapo, kwa sababu sumaku haivuti shaba.

Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari wa macho walishika kanuni moja: kitu kigeni ndani ya jicho ni adui, kitolewe. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya namna kanuni hiyo ilivyovunjwa, na ya gharama iliyolipwa na macho ya watu wengi kabla haijajulikana ni kitu gani jicho linakikubali, cha ukubwa gani, kikae wapi, na kisafishwe vipi.

Harold Ridley alizaliwa Uingereza mwaka 1906, mwaka uleule ambao kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Alipokuwa daktari wa macho jijini London vita vya pili vya dunia vikaanza, na rubani mmoja wa kikosi cha 601 cha jeshi la anga la Uingereza, Gordon Cleaver, akatunguliwa Agosti 1940. Risasi zililipasua paa la ndege yake, ambalo halikuwa la kioo cha kawaida. Lilikuwa la Perspex, plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Vipande vyake vilijaa machoni mwa Cleaver. Jicho la kulia lilipofuka. La kushoto lilibaki na vipande ndani, na kadiri miaka ilivyopita Ridley, akiwachunguza marubani wa aina hiyo, aliona jambo ambalo vitabu havikulitaja: mahali ambapo kipande cha Perspex kilitulia bila ncha kali kugusa sehemu hai, jicho lilikaa kimya. Halikuvimba wala kutoa usaha.

Katika miaka hiyohiyo shaba ya Katanga ilikuwa ikienda kwa wingi kwenye viwanda vya silaha vya Uingereza, chini ya mapatano yaliyotiwa saini Januari 1941. Na Ridley mwenyewe alikuja Afrika. Alitumwa Gold Coast, Ghana ya leo, akiwa daktari wa jeshi, na huko kaskazini akachunguza upofu unaoletwa na usubi wa mtoni. Kazi yake aliyoichapisha mwaka 1945 ilithibitisha jambo ambalo Mbelgiji Jean Hissette alikuwa amelitangaza mwaka 1932 baada ya kuwapima vipofu wa bonde la mto Sankuru, Kasai, jirani zetu wa kaskazini. Wenzake Ulaya walikuwa wamemtilia shaka Hissette, hadi msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard ulipofika Kongo mwaka 1934 na kuona aliyoyaona. Naileta habari hii kwa makusudi. Elimu ya macho ya karne iliyopita haikutoka London na kuja kwetu tu. Sehemu yake ilianzia kwenye macho ya watu wa Sankuru.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyopoteza uangavu wake. Kabla ya Ridley, daktari aliitoa lenzi hiyo, jicho likabaki bila kitu cha kukusanya mwanga, na mgonjwa akapewa miwani mizito sana. Miwani hiyo ilikuza kila kitu kwa robo au zaidi, na ilificha sehemu ya pembeni kiasi kwamba mtu alishtukia kitu kinachomjia kutoka kando kikiwa kimeshafika. Mzee aliyefanyiwa jicho moja aliona vitu kwa ukubwa wa aina mbili kwa wakati mmoja. Miwani ikivunjika, alirudi gizani kana kwamba hakupasuliwa.

Siku moja mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akimtazama Ridley akitoa lenzi aliuliza kwa nini hairudishwi nyingine mahali pake. Ridley alikuwa ameliwaza hilo kitambo. Alizungumza na John Pike wa kampuni ya Rayner, na kampuni ya ICI ikatengeneza Perspex safi zaidi kuliko ile ya ndege, kwa sababu aliogopa kemikali zilizosalia ndani ya plastiki. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas', London, alimpasua mwanamke wa miaka 45. Kazi ilikamilika kwa hatua mbili, na lenzi ikakaa moja kwa moja tarehe 8 Februari 1950.

Jicho liliipokea. Ila mgonjwa alitoka na uoni wa karibu uliopita kiasi, dayopta 18 hivi upande wa hasi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Kosa lilikuwa la hesabu. Ridley aliiga mviringo wa lenzi ya binadamu, nayo Perspex hupinda mwanga kwa nguvu zaidi kuliko lenzi ya asili. Umbo lilikuwa sahihi, nguvu haikuwa sahihi. Hapo ndipo swali la kipimo lilipozaliwa, nalo halijatuacha hadi leo.

Matatizo mengine yalifuata. Lenzi ile ya kwanza ilikuwa na upana wa milimita 8.35, nene, nzito, isiyo na miguu ya kuishikilia. Ilikalia utando wa nyuma wa lenzi ya zamani, na kwa wagonjwa kadhaa iliteleza ikazama nyuma ya jicho. Baadhi ya macho ya mwanzo yalivimba vibaya kwa sababu lenzi zililowekwa kwenye dawa ya cetrimide, na mabaki ya dawa hiyo yakaingia nazo. Ridley alipowasilisha kazi yake mwaka 1951 kwenye mkutano wa Oxford, wakubwa wa fani walimgeuzia kisogo. Stewart Duke-Elder, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote Uingereza, hakutaka hata kumtazama mgonjwa aliyeletwa. Nimewahi kusoma wakisimuliwa kama watu wenye wivu tu, na sikubaliani kabisa. Kanuni waliyoishika ilikuwa imeokoa macho mengi. Kosa lao lilikuwa kukataa kutazama.

Kwa kuwa lenzi ya nyuma ilizama, madaktari wa miaka ya 1950 wakaihamishia mbele, kati ya konea na irisi, ile sehemu yenye rangi, ambako ingeonekana na kushikiliwa na pembe za jicho. Benedetto Strampelli wa Italia alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na Peter Choyce wa Uingereza akaendelea kwa muda mrefu kuliko wenzake. Suala la ukubwa lilikuja hapa kwa ukali wake wote. Lenzi ya mbele huegemea pembe mbili zinazotazamana. Ikiwa ndefu kupita nafasi, hukandamiza nyama na kuleta maumivu, uvimbe na presha ya jicho. Ikiwa fupi, huzunguka na kusugua nyuma ya konea, ambako kuna safu moja ya seli zinazosukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Seli hizo kwa binadamu hazizaliwi upya. Zikipungua kupita kiwango, konea huloa, huvimba, hufanya malengelenge, na mtu aliyeondolewa mtoto wa jicho anapofuka kwa ugonjwa mwingine unaouma.

Madaktari walikadiria urefu wa lenzi kwa kupima upana wa sehemu yenye rangi kutoka nje kisha kuongeza milimita moja. Kipimo hicho cha nje hakilingani sawasawa na upana wa ndani, na macho hutofautiana. Joaquín Barraquer wa Barcelona, fundi ambaye hakuna aliyeutilia shaka ustadi wake, aliweka karibu lenzi 500 za mbele, na baada ya miaka kadhaa akalazimika kuzitoa karibu nusu. Aliandika hayo waziwazi. Kwa maoni yangu ukurasa huo wa Barraquer una thamani kuliko sifa zote za waliofaulu, kwa kuwa uliwazuia wengi kuendelea gizani.

Kisha likaja suala la utengenezaji. Miaka ya 1970 lenzi za mtindo wa Choyce zilikuwa zikitolewa na viwanda vingi, na vingine havikulainisha kingo wala kunyoosha miguu yake. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Ellingson, alieleza wagonjwa waliopatwa na mambo matatu kwa pamoja, yaani uvimbe ndani ya jicho, presha ya jicho na damu, yote yakisababishwa na lenzi iliyopindika ikisugua irisi kila jicho linaposogea. Mchoro wa lenzi ulikuwa mzuri, fundi wa kiwanda ndiye aliyeuharibu. Na karibu na wakati huo, mwaka 1975 na 1976, ukungu uitwao Paecilomyces lilacinus uliingia machoni mwa wagonjwa kadhaa. Lenzi zilikuwa zikisafishwa kwa magadi makali, kisha makali hayo yakapozwa kwa maji ya dawa nyingine, na maji hayo ndiyo yaliyobeba ukungu. Baadaye viwanda vikahamia kwenye gesi ya ethilini oksaidi, ambayo nayo ni sumu, hivyo lenzi lazima ipunge hewa muda wa kutosha kabla ya kufungwa. Kila njia ya usafi ilikuja na hatari yake.

Marekani ilitunga sheria ya vifaa vya tiba mwaka 1976, na kuanzia 1978 kila lenzi mpya ikawekwa chini ya uchunguzi, wagonjwa wakafuatiliwa na matatizo yao yakaandikwa. Lenzi ya kwanza kuidhinishwa kwa njia hiyo, mwaka 1981, ilikuwa Mark IX ya Choyce yuleyule, iliyotengenezwa kwa uangalifu. Wakati huohuo David Apple, mtaalamu wa magonjwa ya macho huko Salt Lake City, aliomba aletewe lenzi zilizotolewa na macho ya marehemu waliowahi kuwekewa lenzi. Aliyakata, akatazama miguu ya kila lenzi ilikalia nini. Jibu lililotoka mezani kwake lilimrudisha kila mtu kwa Ridley: mahali salama kuliko pote ni ndani ya mfuko wa lenzi ya zamani, nyuma ya irisi, ambako plastiki haigusi nyama hai. Steven Shearing alikuwa ameonyesha mwaka 1977 lenzi nyepesi yenye miguu miwili laini inayojikunja, ikatanuka yenyewe na kutulia nyuma ya irisi. Ridley aliishi kuyaona yote hayo. Yeye mwenyewe aliwekewa lenzi machoni, mwaka 2000 akapewa heshima ya Sir, na akafariki Mei 2001. Hata Cleaver, rubani yule, aliwekewa lenzi ya plastiki mwaka 1987 kwenye jicho lililosalia.

Afrika Mashariki haikuwa mezani wakati sheria hizo zikitungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lenzi moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 100, bei isiyofikirika kwa hospitali ya wilaya, na wapo wataalamu waliosema kwamba watu maskini watosheke na miwani minene. Fred Hollows, daktari wa Australia, alilikataa wazo hilo kwa hasira. Alifika Eritrea mwaka 1987, wakati wa vita, akakuta wapiganaji wakipasua macho kwenye hospitali zilizochimbwa ardhini. Aliamini kwamba Waeritrea wanaweza kutengeneza lenzi wenyewe. Alifariki Februari 1993. Kiwanda cha Asmara kilifunguliwa mwaka 1994, muda mfupi baada ya nchi kupata uhuru, na kingine Kathmandu kikafuata. Huko Madurai, India, Aurolab ilikuwa imeanza mwaka 1992. Bei ikashuka chini ya dola 10.

Bei ndogo ilizua hofu halali: je, lenzi ya Asmara italingana na ya Ulaya? Jibu haliwezi kuwa la kizalendo, lazima liwe la maabara. Kanuni za kimataifa za lenzi za ndani ya jicho, zinazojulikana kwa namba ISO 11979, hudai kila kiwanda kipime uangavu na nguvu ya lenzi, kibane miguu yake mara nyingi kuona kama itachoka, kichunguze kemikali zinazovuja, na kithibitishe usafi. Plastiki haijui imetengenezwa mji gani. Lenzi iliyopita vipimo hivyo ni salama Asmara kama ilivyo salama Geneva.

Lenzi ikishakuwa nafuu na safi, linabaki swali la kipimo cha mtu mmoja mmoja. Jicho la kawaida la mtu mzima lina urefu wa milimita 23 na nusu hivi. Ukikosea milimita moja, mgonjwa anatoka na hitilafu ya dayopta mbili na nusu au zaidi. Mwaka 1980 Sanders, Retzlaff na Kraff waliunganisha urefu wa jicho, mviringo wa konea na namba maalumu ya kila aina ya lenzi katika hesabu fupi ambayo muuguzi angeweza kuifanya kwa kalamu. Kinachohitajika ni mashine ndogo ya ultrasaundi na mtu aliyefundishwa kuigusisha konea bila kuibonyeza, maana ukiibonyeza unalifupisha jicho na hesabu yote inaharibika.

Katika kampeni nyingi za upasuaji Afrika hatua hiyo ilirukwa. Kila mgonjwa aliwekewa lenzi ya nguvu ya wastani, dayopta 21 au karibu na hapo. Wengi waliona vizuri, na wengine walibaki na ukungu ambao wao waliudhania ni uzee. Kituo cha macho cha Kwale, pwani ya Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1993 na Dakta Helen Roberts, kilikataa kuridhika na wastani. Utafiti uliotoka kituoni hapo mwaka 2010 ulionyesha jinsi kupima kila jicho kunavyoinua matokeo ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau wagonjwa 80 kati ya 100 waone 6/18 au zaidi baada ya upasuaji, yaani waone kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18, na bila kipimo idadi hiyo ni ngumu kufikiwa.

Hospitali ya Kikuyu, karibu na Nairobi, ilikwenda kwenye jambo gumu zaidi: watoto. Mwaka 2001 David Yorston, Mark Wood na Allen Foster walichapisha matokeo ya macho 118 ya watoto 71 waliopasuliwa huko, wengi wao wakiwekewa lenzi. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, na litaendelea kukua. Lenzi inayomfaa leo itakuwa na nguvu kupita kiasi atakapofika darasa la nne, kwa hiyo daktari humwekea dhaifu kidogo kwa makusudi na kumpa miwani ya kuziba pengo. Jicho la mtoto pia huvimba zaidi, na mfuko wa nyuma hufanya utando upesi. Asiporudishwa kupimwa, kazi nzuri ya siku ya kwanza hupotea. Hospitali hiyohiyo ndiyo ilikofanyika jaribio lililotangazwa mwaka 1995, la kuwatia watoto wachanga 3,117 matone ya macho, likaonyesha kwamba povidoni ya ayodini, dawa ya bei ndogo kabisa, huzuia maambukizi kwa ufanisi. Dawa hiyo hutiwa pia jichoni kabla ya kisu, na hakuna chumba cha upasuaji kinachopaswa kuanza kazi bila hiyo.

Sasa turudi Lualaba, mkoa wa leo wa Kolwezi na Kapata. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na Gécamines, kampuni ya migodi, ikaanza kuanguka nao. Mwaka 1993 maelfu ya familia za Kasai zilifukuzwa Kolwezi kwa treni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni waliachishwa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na pamoja na mshahara walipoteza hospitali ya kampuni. Waliokuwa na miaka 50 wakati huo wamepita 70 leo. Huo ndio umri wa mtoto wa jicho. Katika nchi hii madaktari wa macho wamejazana miji mikubwa, hasa Kinshasa, ambako Hospitali ya Saint Joseph imewafundisha wengi wao. Mbujimayi kuna kliniki ya Saint Raphaël ya Dakta Richard Hardi, Mhungaria ambaye timu yake huenda kupasua vijijini Kasai. Kwa mzee wa Kapata, kwa kawaida nafasi huja kama kampeni: gari linafika, watu wanapanga foleni, siku chache baadaye gari linaondoka.

Siko dhidi ya kampeni. Ziliwatoa watu gizani na zitaendelea kuwatoa. Ninachopinga ni dhana kwamba kwa kuwa ni bure basi kipimo ni anasa. Timu inayokuja na lenzi za nguvu moja tu, au na masalio ya msaada ambayo tarehe zake zimekaribia kwisha, inarudia kosa la Ridley la 1949. Mkoa unaoutolea ulimwengu kobalti ya betri zake unaweza kununua mashine ya ultrasaundi ya macho, na kumlipa muuguzi wa kuitumia mwaka mzima.

Kuna jambo dogo lisilogharimu chochote. Kila lenzi iliyopita kiwandani hufungwa pamoja na vibandiko vyenye nguvu yake, aina yake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kibandiko kimoja ni cha faili, kingine ni cha mgonjwa. Familia inayompeleka mzee wao ina haki ya kukidai na kukihifadhi pamoja na kitambulisho chake cha mpiga kura, kwa sababu utando ukijifunga baada ya miaka mitano, au kiwanda kikitangaza kwamba toleo fulani lina kasoro, daktari mwingine wa Lubumbashi au Ndola atajua ndani ya jicho hilo kuna nini, bila kubahatisha.